Anda bhurji: mayai ya viungo ya Kihindi kwa dakika 15

Bhurji ni mayai ya kuvuruga, lakini yale laini ya hotelini yasahau. Kule Mumbai hupikwa barabarani juu ya tawa, chuma kipana kama cha chapati, mpaka yawe chengachenga, kisha huliwa na pav, mikate midogo laini. Kazi kubwa iko kwenye kitunguu na nyanya. Mayai huja mwishoni, na hayakai sana.

Mahitaji (watu 2): mayai 4, kitunguu maji kikubwa 1, nyanya 2 zilizoiva, pilipili mbichi 2, tangawizi mbichi iliyosagwa kijiko 1 cha chai, bizari nyembamba nzima nusu kijiko cha chai, manjano robo, pilipili ya unga nusu, mafuta vijiko 2 vya chakula, chumvi, majani ya dania.

1. Katakata kila kitu kabla ya kuwasha jiko. Kitunguu kiwe kidogo kidogo sana, maana vipande vikubwa hubaki vibichi na kukwaruza mdomoni.

2. Pasha mafuta, tia bizari nyembamba. Ikianza kurukaruka na kunukia, tia kitunguu na pilipili mbichi. Bizari ikiungua ikawa nyeusi, imwage uanze upya, la sivyo chakula chote kitakuwa kichungu.

3. Kitunguu kikilainika na kingo zake kugeuka rangi ya dhahabu, tia tangawizi, koroga nusu dakika, kisha nyanya na chumvi. Chumvi huzitoa maji haraka. Tia manjano na pilipili ya unga, uziponde nyanya kwa mwiko. Hapa usiharakishe: endelea mpaka rojo iwe nzito na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Nyanya ikiwa na maji bado, mayai yatachemka badala ya kukaangika, na utapata uji wenye harufu ya yai. Wengine huongeza garam masala kidogo, yaani mchanganyiko wa viungo vya Kihindi vilivyosagwa, nayo inafaa. Mchanganyiko wa viungo vya pilau uache kwa pilau. Karafuu na mdalasini wake humeza yai.

4. Punguza moto. Piga mayai kidogo tu kwa uma, yamimine, uyaache yashike chini kwa sekunde chache, ndipo uyakwangue na kuyageuza. Endelea hivyo dakika 2 au 3 hadi yakauke na kuwa chengachenga. Epua, nyunyiza dania.

5. Kwa pav, skonzi laini zisizo na sukari nyingi zinatosha. Zipasue, paka siagi, zikandamize kwenye kikaango kilekile ili zifute viungo vilivyoganda. Chapati pia inakwenda vizuri.

Anayependa mayai laini apike kama Waparsi, jamii ya India yenye asili ya Uajemi, wanavyopika akuri, mayai yao ya kuvuruga: viungo karibu vilevile, maziwa kijiko kimoja kwenye mayai, na kuepua yakiwa bado yanang'aa. Hayo yaliwe papo hapo, kwa sababu joto la kikaango huendelea kuyakausha.