Rangi yako inaangukia wapi? Kuanza na GIMP na Krita

Anayeanza kutumia programu ya picha hukwama karibu kila mara mahali pamoja. Anashika brashi, anaburuta kwenye picha, hakuna kinachotokea. Anabadilisha rangi, anabadilisha brashi, anafunga programu na kuifungua upya, wapi. Kumbe brashi ni nzima. Rangi imekwenda kwenye leya (tabaka la picha) iliyofichwa, au inazuiwa na eneo alilolichagua dakika kumi zilizopita akalisahau. Kwa hiyo tutaanza na leya, brashi zitangoja.

Programu na kalamu

Kwa kurekebisha picha za kamera chukua GIMP, kwa kuchora chukua Krita. Zote mbili ni za bure na zinafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Zipakue kwenye tovuti zake rasmi, gimp.org na krita.org. Ukiikuta Krita inauzwa kwenye duka la Microsoft au Steam usishangae, ni programu ileile, na malipo yanakwenda kwa wanaoitengeneza. Photoshop, iliyotoka mwaka 1990, hulipiwa kwa muda, lakini mambo yake ya msingi ndiyo haya haya: leya, maski (kifuniko kinachoficha au kufichua sehemu za leya), modi za kuchanganya rangi ya leya moja na zilizo chini yake. Atakayeyaelewa kwenye GIMP atahitaji siku chache tu kuzoea menyu za Photoshop. Usijifunze programu tatu kwa mkupuo.

Kwa picha za kamera mausi inatosha. Kwa kuchora utataka tableti ya kuchorea yenye kalamu inayosikia mkandamizo, yaani ukibonyeza kwa nguvu mstari unanenepa. Ikiwa kwenye Windows mstari unabaki na unene uleule hata ukikandamiza vipi, nenda kwenye mipangilio ya Krita, sehemu ya tableti, ubadilishe kutoka WinTab kwenda Windows Ink au kinyume chake (ni njia mbili za Windows kusoma kalamu), kisha ufunge programu na kuifungua tena. Kwenye GIMP angalia pia kipengele cha Dynamics katika machaguo ya brashi: kikiwa kwenye Dynamics Off, kalamu ya bei yoyote itachora kama mausi. Kiweke kwenye Pressure Size.

Ukubwa wa turubai

Hapa watu hupotea kwa pande mbili. Mmoja anafungua turubai ya pikseli (vidoti vya rangi vinavyounda picha) 800 kwa 800, anachora wiki nzima, halafu anataka kuichapa bango. Mwingine anafungua 10,000 kwa 10,000 na kompyuta inaanza kuhema. Karatasi ya A4 kwa pikseli 300 kwa kila inchi ni 2480 kwa 3508, na hicho ni kipimo kizuri cha kuanzia. Hizo ni pikseli karibu milioni 8.7. Kwa rangi za kawaida kila pikseli inakula baiti 4, kwa hiyo leya moja iliyojaa ni kama megabaiti 35 za kumbukumbu. Leya 20 ni megabaiti 700, na bado hujahesabu hatua zinazohifadhiwa ili uweze kutendua.

Ile namba 300 yenyewe haiongezi ubora wowote. Picha yenye upana wa pikseli 600 ukiiandikia 300 badala ya 72 inabaki na pikseli zake 600. Kilichobadilika ni maelezo kwa printa kuhusu upana wa kuichapa, yaani inchi 2.

Leya, na brashi isiyochora

Leya ni karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Unachokiona kwenye kioo ni jumla ya zote. Unachokipaka kinaangukia moja tu, ile iliyokolezwa kwenye orodha ya leya. Zipe majina tangu mwanzo. Orodha ya Layer 1 hadi Layer 17 ni adhabu unayojipa mwenyewe.

Brashi ikigoma, kagua kwa mpangilio huu. Kwanza, leya iliyokolezwa ni ile unayodhani? Je, jicho lake limefunguliwa, na haijafungwa kwa kufuli? Pili, bonyeza Ctrl, Shift na A kwa pamoja ili kufuta uchaguzi wowote. Njia hii inafanya kazi kwenye GIMP na Krita. Ukibofya kimakosa na zana ya kuchagua, unaweza kuacha kijisanduku cha pikseli tatu kwenye kona, nawe huruhusiwi kupaka popote nje ya kijisanduku hicho. Hiki ndicho chanzo kinachowachelewesha wengi, kwa sababu hakionekani.

Tatu, kwenye GIMP leya inaweza kuwa ndogo kuliko turubai. Mpaka wake ni ule mstari wa vidoti vya njano, na rangi haivuki hapo. Tiba iko kwenye menyu ya Layer, amri ya Layer to Image Size. Nne, kwenye Krita, herufi E hugeuza brashi kuwa kifutio, nayo hubaki hivyo mpaka uibonyeze tena. Mkono ukigusa E bila wewe kujua, utakuwa unafuta ukidhani unapaka. Tano, angalia kama unapaka kwenye maski badala ya picha. Mwisho kabisa ndipo uangalie opasiti ya brashi, yaani kiasi rangi inavyofunika, na kama rangi uliyoshika si ileile ya chini.

Kuna kituko kimoja cha GIMP kinachofaa kutajwa peke yake. Ukifungua JPEG na kupitisha kifutio, badala ya kupata uwazi unapata rangi nyeupe, au rangi yoyote ya nyuma iliyochaguliwa. JPEG haina taarifa ya uwazi, kwa hiyo leya iliyotokana nayo haina pia. Bofya leya kwa kitufe cha kulia, chagua Add Alpha Channel, kisha futa tena.

Mfano wa kwanza: uso uliokaa gizani

Chukua picha ya mtu aliyesimama mbele ya dirisha: nyuma kunang'aa, uso ni kivuli. Ukiongeza mwanga kwa picha nzima, uso utaonekana lakini dirisha litaungua na kuwa jeupe tupu. Kazi kama hii inataka maski.

Ifungue kwenye GIMP, unakili leya kwa Shift, Ctrl na D. Ukiwa kwenye nakala ya juu, fungua menyu ya Colors kisha Levels. Utaona histogramu, mlima unaoonyesha pikseli zimekusanyika wapi kati ya 0, nyeusi, na 255, nyeupe. Chini yake kuna vishale vitatu. Viache vya pembeni, sogeza cha katikati kuelekea kushoto mpaka namba yake isomeke kama 1.50, halafu tazama uso peke yake. Dirisha litaharibika, liache. Kubali.

Sasa bofya leya hiyo kwa kitufe cha kulia, chagua Add Layer Mask, na uchague iwe nyeusi. Picha inarudi kuwa giza kama mwanzo, kwa sababu nyeusi kwenye maski huficha na nyeupe hufichua. Chukua brashi yenye kingo laini, Hardness 025, opasiti 25, rangi nyeupe, na upitishe usoni mara mbili tatu. Mwanga unaingia kidogo kidogo, pale ulipopitisha tu. Umevuka hadi kwenye dirisha? Bonyeza X kubadilishana nyeusi na nyeupe, upake nyeusi hapo. Hakuna kilichofutwa, na kesho unaweza kurudi kurekebisha. Ukitaka kulinganisha kabla na baada, shika Ctrl na ubofye kijipicha cha maski, itazimwa, rudia, itawashwa.

Kosa la kawaida katika hatua hii ni kutumia brashi ndogo yenye kingo kali. Uso unatoka kama barakoa iliyobandikwa, mwanga ukiishia ghafla kwenye mstari wa taya. Brashi iwe kubwa, karibu nusu ya uso, na mwanga uachwe ufifie shingoni na mabegani.

Kama kwenye histogramu mlima umegandamana na ukuta wa kulia, zile sehemu nyeupe zimekwisha kupotea, na hakuna zana itakayozirudisha kutoka kwenye JPEG. Faili ghafi la kamera, RAW, hubakiza zaidi, ndiyo maana wapiga picha hulipenda.

Madoa yaondoe kwa zana ya Heal, herufi H. Fanya hivyo kwenye nakala ya leya, shika Ctrl na ubofye ngozi safi iliyo jirani, achia, kisha bofya doa. Brashi iwe kubwa kidogo tu kuliko doa. Badilisha chanzo kila mara. Ukitumia sehemu moja kwa madoa kumi, utaona alama ileile ikijirudia shavuni kama muhuri.

Kunoa picha ni kazi ya mwisho, baada ya kuipunguza hadi ukubwa wa kutolea. Ukinoa kwanza kisha ukapunguza, ukali mwingi hupotea. Tumia Sharpen (Unsharp Mask) iliyo kwenye menyu ya Filters, Enhance; kwa picha ya kwenye kioo jaribu Radius 0.8 na Amount 0.5. Ukiona uzi mweupe unazunguka nywele au kingo za majengo, umezidisha.

Mfano wa pili: mpira

Kila anayeanza kuchora anataka uso. Chora mpira kwanza. Matatizo ya uso yote yamo ndani yake, isipokuwa kufanana na mtu.

Kwenye Krita fungua turubai ya 2000 kwa 2000 na ujaze leya ya chini kwa kijivu cha wastani. Nyeupe inadanganya: kila rangi utakayoweka juu yake itaonekana nzito kuliko ilivyo, nawe utaishia na mchoro uliopauka. Ongeza leya mpya, iite umbo. Chukua brashi yenye kingo kali, Basic-5 Size inafaa, uchore duara na kulijaza rangi moja tu, tuseme nyekundu isiyokolea sana. Hakikisha hakuna matundu.

Kivuli kisitoke nje ya duara. Ukiwa bado kwenye leya ya umbo, bonyeza Ctrl, Shift na G. Krita itaunda kundi lenye umbo lako na leya mpya juu yake inayojibana ndani ya umbo hilo. Wengi hujaribu kulifanya hili kwa mkono kwa kubofya alama ya alfa (ile inayoibana leya ndani ya kilicho chini yake) kwenye leya ya kivuli, na rangi inamwagika turubai nzima. Sababu ni kwamba Krita hujibana kwenye kila kilicho chini ndani ya kundi lilelile, na leya ya kijivu uliyoijaza nayo inahesabika. Umbo likiwa kwenye kundi lake, tatizo linakwisha.

Amua mwanga unatoka wapi, juu kushoto kwa mfano, na usibadilishe mawazo katikati ya kazi. Ile leya mpya ndani ya kundi ndiyo ya kivuli: iweke kwenye modi ya Multiply, inayokoza rangi iliyo chini, na upake upande wa chini kulia kwa zambarau iliyofifia. Nyeusi tupu huua rangi, na nyekundu iliyotiwa nyeusi hugeuka kahawia ya matope. Sehemu nzito ya kivuli haikai ukingoni kabisa, inakaa ndani kidogo, kwa sababu sakafu hurudisha mwanga hafifu upande wa chini wa mpira. Acha ukanda mwembamba wa mwanga huo. Kisha, kwenye leya iliyo chini ya kundi, chora kivuli kinacholala sakafuni: cheusi zaidi na chenye ukingo mkali pale mpira unapogusa chini, kikilainika kadiri kinavyokwenda mbali.

Kuunganisha mwanga na kivuli, vumilia bila brashi ya kupuliza. Inavutia, lakini ukiitumia kila mahali mpira unakuwa puto la moshi. Ongeza leya ya kawaida juu ya kivuli ndani ya kundi lilelile, uibofye alama ya alfa, na ufanyie kazi hapo. Ukiwa na brashi ileile ngumu, shika Ctrl na ubofye mpakani ili kuchukua rangi ya katikati, paka, chukua nyingine, paka. Mabano ya mraba, [ na ], hupunguza na kuongeza ukubwa wa brashi. K hukoza rangi na L huiangaza.

Kila baada ya dakika chache bonyeza M. Krita itageuza mwonekano kama kwenye kioo, na kasoro ambazo jicho lilikuwa limeshazizoea zitajitokeza. Halafu weka leya juu ya zote, ijaze nyeusi, modi iwe Color. Mchoro wote unageuka wa kijivu. Kama mwanga na kivuli havitofautiani hapo, rangi nzuri kiasi gani haziwezi kuuokoa. Zima jicho la leya hiyo uendelee.

Usipakue vifurushi vya brashi mia mbili. Mwezi wa kwanza brashi tatu zinatosha: ngumu, laini, na moja yenye mkwaruzo.

Kuhifadhi

Faili la kazi ni XCF kwenye GIMP na KRA kwenye Krita. Humo ndimo leya na maski zinamobaki. Kwenye GIMP amri ya Save haitakupa JPEG, tumia Export As, yaani Ctrl, Shift na E. JPEG ya ubora wa 90 inafaa kwa picha za kamera. Kwa nembo, maandishi na chochote chenye uwazi tumia PNG, la sivyo utapata nembo iliyokaa ndani ya sanduku jeupe. JPEG hupoteza kidogo kila inapohifadhiwa upya, kwa hiyo ukitaka kurekebisha rudi kwenye XCF au KRA. Na kwenye Krita, kabla ya kujaribu jambo la kuthubutu, bonyeza Ctrl, Alt na S: inahifadhi toleo jipya lenye namba, na la zamani linabaki kama lilivyo.