Watu wawili kwenye mashua ya watatu

Mashua yetu ya mashindano ilitengenezwa kwa mabaharia watatu. Tuko wawili: mimi nashika kana ya usukani, mwenzangu ana tanga la mbele. Wa tatu aliacha kuja, na tulipochoka kumlaumu ndipo tukakaa chini tukafunga kamba upya.

Henza, yaani kamba ya kupandishia tanga, ya tanga kubwa na kamba ya kupunguzia tanga nimezipitisha kwenye gofia (kapi) chini ya mlingoti, zikarudi nyuma hadi ninapokaa. Siachi usukani kwenda kutafuta kamba. Halafu wino. Siku ya upepo wa wastani tulivuta demani, yaani kamba ya kukazia na kulegeza tanga, ya tanga la mbele mpaka mashua ikala joshi vizuri, ikaenda karibu na unakotoka upepo, nikapiga alama nyeusi pale kamba inapobanwa, upana wa kidole. Sasa mwenzangu akivuta hatazami tanga, anatazama wino. Upepo ukizidi, anaachia kidole kimoja.

Mwisho wa kila demani ya matanga haya uwe na fundo la nane. Niliwahi kulisahau mara moja. Kamba ikachomoka kwenye gofia, tanga likapigapiga kama nguo kwenye kamba ya kuanikia, na mwenzangu akalazimika kutambaa hadi omo, mbele ya mashua, kuifuata huku mashua zote zikitupita.

Jambo lililonichukua muda kulielewa: tulichopungukiwa zaidi ni uzito, wala si mikono. Watatu wakikaa ukingoni upande wa upepo, mashua inasimama wima. Wawili hawatoshi, inalala, usukani unakuwa mzito, unavuta maji kama breki. Kwa hiyo sisi hupunguza tanga mapema kuliko wenzetu. Mkianza kubishana kama mpunguze au la, punguzeni, tena kabla hamjaondoka ufukweni.

Ishara za kuanza hutolewa zikibaki dakika 5, 4 na 1, kisha mnaondoka. Saa avae mwenzako. Macho yako yawe kwa mashua nyingine. Msigombanie katikati ya msitari wa kuanzia, tafuteni penye upepo safi. Mkipigwa na upepo ubavu wa kushoto, mpisheni anayepigwa wa kulia.

Kila mnapobisha, yaani kugeuza omo kupita upeponi ili upepo upige ubavu wa pili, mnapoteza mwendo, nasi wawili tunapoteza zaidi, basi tunabisha tu upepo ukigeuka na kuisukuma omo mbali na boya tunaloliendea. Nauliza, “Tayari?” Nasubiri ajibu. Nasukuma kana polepole; yeye haachii demani mpaka tanga la mbele lianze kupiga, ndipo anavuta ya upande wa pili hadi kwenye wino.

Mnapokwenda na upepo mkali nyuma yenu na inabidi kugeuka, msigeuze tezi (nyuma ya mashua) kupita upeponi, maana ule mti wa chini ya tanga utavuka kwa kishindo. Zungukeni kwa omo, karibu duara zima. Waliokuwa nyuma yetu walitucheka tulipofanya hivyo, kisha wao wakapinduka.