Somo: Kufufua katapila la zamani, anzia chini kwenye cheni sio kwenye injini

Wakuu, watu wengi wakienda kukagua katapila la zamani kitu cha kwanza wanapiga stata, injini ikiwaka vizuri wanalipa hela palepale. Mimi langu la kwanza nilinunua hivyohivyo, injini haina tatizo lolote lakini cheni imekwisha na klachi ya kukatia kona (inayokata nguvu ya injini kwa cheni ya upande mmoja ili mashine igeuke) upande wa kulia imeshikana kwa kutu, nikahangaika na vitu vya chini msimu mzima. Cheni, rola (vigurudumu vidogo vya chini na juu ambavyo cheni inapita), idla (gurudumu kubwa la mbele lisilo na meno) na sproketi (gurudumu la meno linalovuta cheni) zinaweza kula hadi nusu ya hela yote ya matengenezo, kwa hiyo tunaanzia huko.

Hatua ya 1: osha kwanza
Koleo, chuma chenye ncha, alafu maji ya presha. Tope likikaukia kati ya rola, rola haizunguki, cheni inaburuzika juu yake mpaka inakuwa bapa upande mmoja. Ikishakuwa safi angalia rola mojamoja, yenye unyevu wa oili pembeni sili yake imechoka na ukiiacha itakufa muda si mrefu.

Hatua ya 2: pima uchakavu
Watu husema cheni imevutika, ila chuma hakijavutika, ni pini na bushi (bomba fupi linalovaa pini) zimelika upande mmoja ndo maana pini na pini zinaachana. Kaza cheni vizuri, pima kutoka pini moja hadi ya nne au ya tano mbele yake, linganisha na kipimo cha kitabu cha mashine. Kama bushi hazijapasuka wala kutoboka, cheni inapelekwa kwenye presi, pini na bushi zinageuzwa nusu mzunguko upande mzima ukae penye kazi, unapata maisha mengine ya cheni ileile. Ukichelewa nafasi hiyo imepita. Na usifunge cheni mpya kwenye sproketi yenye meno yaliyochongoka, itaimaliza haraka sana.

Hatua ya 3: kukaza cheni
Endesha mbele polepole uache lisimame lenyewe bila breki. Weka ubao ulionyooka juu ya cheni kutoka idla hadi rola ya juu, pima cheni ilivyolegea katikati, makatapila mengi madogo na ya kati yanataka kama sentimita 2.5 hadi 4. Ikikaza sana bushi na sproketi zinasagana bure na nguvu ya injini inaishia hapo. Kama unafanya kazi kwenye tope, pima na tope lake likiwa humo, maana likijaa kwenye sproketi cheni inajikaza yenyewe.

Ya zamani sana yanakazwa kwa skrubu kubwa, yaliyofuata yanakazwa kwa grisi. Haya ya grisi naomba msome mara mbili: unapolegeza, fungua valvu mzunguko mmoja tu, simama pembeni, usiweke uso mbele yake na usiichomoe kabisa. Grisi ya humo ina presha ya kutoboa ngozi ikaingia mwilini, na ikiingia hiyo ni hospitali saa hiyohiyo hata kama kidonda ni kidogo kama cha sindano. Ile springi kubwa nyuma ya idla nayo usiifungue bila vifaa vyake, imebanwa kwa nguvu ya kuua.

Hatua ya 4: klachi za kukatia kona
Mengi ya zamani yana klachi kavu, yaani sahani zake hazikai kwenye oili. Likikaa kwenye mvua maji yanaingia, sahani zinashikana, ukivuta mkono (ule wa kukatia kona) linaenda moja kwa moja tu. Kabla hujafungua kila kitu, toa maji kwa plagi ya chini, lipashe moto kwa kulitembeza, alafu kwenye uwanja wazi gia ya chini, vuta mkono wa upande ulioshikana na ukanyage breki yake, achia, rudia. Langu liliachia siku ya pili. Likigoma kabisa, hapo utafungua.

Hatua ya 5: injini
Toa maji chini ya tanki la dizeli kila asubuhi kabla ya kuwasha, badilisha filta, toa hewa kwenye mfumo, na ile bakuli ya oili ya kusafisha hewa ioshe, ujaze mpaka alama, usizidishe.

MASWALI

Mkuu langu nikisukuma mzigo upande mmoja unakosa nguvu, wakati mkono sijaugusa.
– Hiyo klachi inateleza. Anza na mkono, lazima uwe na mchezo kidogo kabla haujaanza kuvuta, kama hauna rekebisha hapo. Kama upo sawa basi oili imeingia kwenye sahani. Mimina mafuta ya taa humo, tembea bila mzigo dakika chache huku unavuta na kuachia, alafu mwaga yote. Petroli usithubutu, utachoma mashine na wewe mwenyewe. Ikirudi tena ujue ni sili.

Pini ya kufungulia cheni naijuaje?
– Kichwa chake hakifanani na zingine, mara nyingi kina kitundu au alama katikati. Ilete usawa wa mbele ya idla, legeza cheni, wekea magogo ncha zote mbili maana ikiachia inaanguka na uzito wote. Vaa miwani, pini ni chuma kigumu, ukipiga nyundo kipande kinaruka kama risasi.

Mi cheni inachomoka nikikata kona kwenye mteremko.
– Kaza kwanza kaka. Kama ipo sawa, kagua kingo za idla na za rola, zikilika hazishiki cheni. Na kona ya ghafla kwenye mteremko acha, kata kidogokidogo.

Kurudi nyuma kuna shida gani? Fundi wangu ananikataza kila siku.
– Yupo sahihi. Ukienda rivasi bushi inazunguka ndani ya jino la sproketi ikiwa na mzigo, inalika kuliko ukienda mbele. Huwezi kuiacha kabisa, ila panga kazi yako safari za rivasi ziwe fupi, na uende gia ya chini.