Kulala ryokan ya majimoto mkiwa kundi: hatua kwa hatua, Kinosaki

Ryokan ni nyumba ya wageni ya Kijapani: sakafu ya mikeka ya tatami, godoro la futon linalotandikwa chini, chakula cha jioni na cha asubuhi ndani ya bei, na bafu la maji yanayotoka ardhini yakiwa moto. Kwa kundi la marafiki tunapendekeza Kinosaki, mkoa wa Hyogo, saa mbili na nusu hivi kwa treni ya haraka kutoka Kyoto. Mji una mabafu saba ya umma, na mgeni wa ryokan hupewa pasi ya kuyaingia bila malipo hadi siku ya kuondoka. (Saa hapa ni za Kiswahili. Saa 9 alasiri, Wajapani wataandika 15:00.)

1. Kuweka nafasi

Bei ni kwa kichwa, si kwa chumba, na wanne katika chumba kimoja kwa kawaida hulipa nafuu kuliko wakijigawa wawili wawili. Ukubwa hutajwa kwa idadi ya mikeka, mmoja ukiwa kama mita za mraba 1.6. Mikeka 10 inalaza watu wanne. Mkizidi hapo, mabegi yatakosa pa kukaa. Novemba hadi Machi ni msimu wa kaa, na bei hupanda.

Masharti ya chakula yasemwe siku ya kuweka nafasi, kwa sababu jiko hununua vitu kwa idadi ya wageni. Mwislamu akisema tu "sili nguruwe" hajamaliza: sake na mirin, pombe za mchele, huingia kwenye mchuzi na kwenye samaki wa kuchemsha. Taja pombe ya kupikia waziwazi. Nyumba ikijibu kwamba haiwezi, chukueni chumba bila chakula mkale nje. Usiwabane wakubali shingo upande.

Mwenye tatuu aulize mapema. Mabafu saba ya umma ya Kinosaki yanampokea, ila miji mingi mingine ya majimoto ina mabafu yanayomzuia.

2. Kufika

Vyumba hufunguliwa saa 9 alasiri. Fikeni kabla ya saa 11, maana chakula cha jioni kina saa yake, mara nyingi saa 12 au 12 na nusu, na sahani huja moja baada ya nyingine. Mmoja akichelewa, chakula cha wote kinapoa.

Viatu vinabaki mlangoni. Ndapa za ndani ni za korido tu, zivue kabla ya kukanyaga tatami. Chooni kuna ndapa nyingine, na kosa la kila siku ni mtu kutoka nazo hadi sebuleni. Sanduku la magurudumu libebwe, lisiburutwe. Magurudumu yanachana mkeka.

3. Yukata na mitalawanda

Yukata ni joho la pamba la kuvaa ndani na mtaani. Upande wa kushoto uje juu ya wa kulia. Kinyume chake ndivyo anavyovishwa maiti, na mhudumu atakukimbilia akurekebishe. Mwanamume hufunga mkanda chini, nyongani, mwanamke kiunoni.

Viatu vya kutembelea mjini ni vya mbao, ndugu wa mitalawanda ya pwani yetu. Usisukume mguu hadi mwisho wa kamba. Kisigino kining'inie kidogo nyuma, na hatua ziwe fupi. Ukikaza, ngozi kati ya vidole itachubuka kabla ya bafu la tatu.

4. Kuoga

Soma pazia: 男 wanaume, 女 wanawake. Nyumba nyingine hubadilisha pande usiku, kwa hiyo asubuhi soma upya, usifuate mazoea ya jana.

Vua kila kitu, nguo ya kuogelea hairuhusiwi. Asiyetaka kuonekana uchi mbele ya wenzake aombe bafu la kukodi peke yake, kwa kawaida dakika 45 hadi 50. Ukivaa pete au mkufu wa madini ya fedha, uiache chumbani mkienda miji ya maji ya kiberiti kama Kusatsu, itageuka nyeusi. Maji ya Kinosaki ni ya chumvi.

Kaa kwenye kigoda, jisugue kwa sabuni, kisha suuza hadi povu lote litoke, nyuma ya masikio pia. Usioge umesimama, utamrushia jirani maji. Maji ya bwawani ni ya wote, kazi yake ni kujiloweka. Uchafu unaishia kwenye kigoda. Funga nywele ndefu. Kitaulo kidogo kisiguse maji, kikunje ukiweke kichwani.

Maji huwa nyuzi 40 hadi 42. Jimwagie kwanza kwa ndoo, miguu kisha mabega, halafu ingia taratibu. Mara ya kwanza dakika tano zinatosha. Ukisikia mapigo ya moyo masikioni, toka, na usinyanyuke ghafla: joto limetanua mishipa, shinikizo la damu linashuka, na hapo ndipo watu huanguka. Waliokunywa pombe wasiingie. Kabla ya kurudi kuvaa jifute kwa kitaulo, sakafu ya nje isilowe.

Mabafu saba kwa usiku mmoja ni mengi mno. Mawili kabla ya kula, moja baadaye, na maji ya kunywa katikati. Kila bafu lina siku yake ya kufungwa katika wiki, ulizeni mapokezi.

5. Asubuhi

Mkiwa mnakula jioni, mhudumu hutandika futon. Bahashishi haidaiwi, kodi ya kuoga, kwa kawaida yeni 150 kwa mtu, hulipwa mapokezi. Chumba huachwa saa 4 asubuhi.

Mabafu kadhaa hufunguliwa saa 1 asubuhi, na mwanamume wa kwanza na mwanamke wa kwanza kuingia kila moja hupewa kibao cha kumbukumbu. Mkikitaka, mpangieni bafu tofauti kila mtu, na muwe mlangoni kabla ya muda.