Kuongeza enkoda ya GPU kwenye programu huria: VAAPI kupitia FFmpeg

Mwongozo huu ni wa Linux, kwa programu ya C ambayo tayari inabana video kwa libx264 (enkoda ya H.264 inayotumia CPU) kupitia maktaba za FFmpeg. VAAPI ni kiolesura cha Linux cha kufungua na kubana video kwa GPU. Kuita enkoda ya GPU ni mistari michache tu. Kinachosumbua ni kujua kila fremu iko wapi: kwenye RAM, au kwenye memori ya GPU.

Hatua ya 1. Usiguse msimbo kwanza. Endesha `vainfo`, amri inayoorodhesha uwezo wa draiva yako ya VAAPI, utafute VAProfileH264 yenye VAEntrypointEncSlice au VAEntrypointEncSliceLP. Ukiona VAEntrypointVLD peke yake, draiva yako inafungua video ila haibani, basi tafuta mashine nyingine. Kifaa kikikataa kufunguka, kagua ruhusa za `/dev/dri/renderD128`. Mara nyingi mtumiaji hayumo kwenye kundi la `render`.

Hatua ya 2. Fungua kifaa kwa `av_hwdevice_ctx_create`, aina `AV_HWDEVICE_TYPE_VAAPI`.

Hatua ya 3. Hapa usiharakishe. Unda akiba ya fremu kwa `av_hwframe_ctx_alloc`, kisha ujaze (`f` ni kielekezi cha AVHWFramesContext ya akiba hiyo; NV12 ni mpangilio wa pikseli):

```
f->format = AV_PIX_FMT_VAAPI;
f->sw_format = AV_PIX_FMT_NV12;
f->width = w;
f->height = h;
f->initial_pool_size = 20;
```

Ita `av_hwframe_ctx_init`, halafu uikabidhi enkoda akiba hiyo kupitia `hw_frames_ctx` kabla ya `avcodec_open2`. Ukichelewa, `h264_vaapi` haifunguki. `pix_fmt` ya enkoda nayo iwe VAAPI, si NV12. Wengi hujikwaa hapo.

Hatua ya 4. Fremu zako huenda ni YUV420P, ambayo hutenga U na V (data za rangi). NV12 huzipanga kwa kupishana. Zigeuze kwa `sws_scale`. Picha ikitoka na mwangaza sahihi lakini rangi zimevurugika, mpangilio huo ndio wa kushukiwa kwanza. Kisha `av_hwframe_get_buffer`, `av_hwframe_transfer_data`, na unakili `pts` (muhuri wa wakati wa fremu) mwenyewe, maana uhamishaji hubeba pikseli tu.

Kama video imefunguliwa na GPU hiyohiyo, ruka hatua hii yote: fremu zibaki hukohuko. Faida kubwa ya kasi iko hapo.

Hatua ya 5. Tuma kwa `avcodec_send_frame`, pokea kwa `avcodec_receive_packet`. EAGAIN wakati wa kupokea si hitilafu. Enkoda inaomba fremu nyingine. Mwishoni tuma NULL, la sivyo pakiti za mwisho zitapotea.

Hatua ya 6. Hatua ya 2 au ya 3 ikishindikana, rudi kwa libx264 na uandike sababu kwenye logi. Nisingeifanya GPU kuwa chaguo-msingi: kwa bitreti ileile, libx264 iliyowekwa polepole kwa kawaida hutoa picha safi zaidi. Kwa kurekodi skrini moja kwa moja, GPU inafaa sana. Ukituma kiraka, ambatisha matokeo ya `vainfo`. Watunza mradi watayauliza tu.