Somo: Punguza joto la nyumba kabla ya kununua kiyoyozi

Wakuu, somo hili ni la mnaojenga Dar, Tanga na Pwani yote. Huku jua la mchana hukaribia utosini karibu mwaka mzima, hivyo joto kubwa huingilia kwenye bati. Pesa ianzie huko.

Hatua ya 1. Kabla ya msingi, mwite mchoraji, fundi wa kupaua, wa aluminiamu na wa umeme kikao kimoja. Wakija kwa zamu, wa mwisho hutoboa alichoziba wa kwanza, na bili ya umeme unalipa wewe.

Hatua ya 2. Kuta ndefu na madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini. Jua la asubuhi na jioni huja limeinama, kibaraza hakilizuii. Kiwanja kikikubana, upande wa magharibi weka choo na stoo.

Hatua ya 3, na hapa msiruke. Bati liwe jeupe au krimu. Najua msauzi (bati la migongo mipana) wa maruni ndio fasheni, ila unakusanya joto vibaya sana. Tandaza foili (karatasi ya alumini) juu ya kenchi (fremu za mbao za paa), upande unaong'aa ukitazama chini (ukitazama juu, vumbi litaufifisha). Kisha piga papi (mbao nyembamba za kushikia bati), ndipo bati. Unene wa papi ndio unaoacha nafasi ya hewa. Foili ikigusana na bati, joto linapita moja kwa moja. Acha matundu yenye wavu chini ya mapaa na mengine juu, karibu na kilele, hewa ya moto itoke.

Hatua ya 4. Dirisha la slaidi hufunguka nusu tu. La bawaba hufunguka lote.

MASWALI

– Mkuu, nimeshapaua kwa maruni. Nibomoe?
Usibomoe. Osha bati, lipake rangi nyeupe ya mabati. Hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote.

– Dari ya jipsamu si inatosha?
Haitoshi kaka. Ni nyembamba, ikipata moto inakurudishia wewe kitandani.

– Kiyoyozi nisiweke kabisa?
Weka chumbani. Ila huko ziba nyufa, silikoni kwenye fremu, mpira chini ya mlango.

– Niko Iringa, huku tunatetemeka.
Foili weka vilevile, itapunguza joto linalopotelea paani usiku. Sebule itazame kaskazini: Juni na Julai, kwenye baridi yenu, jua la mchana liko upande huo.