Vifaranga wa kuku na bata Dodoma: namna ya kuwavusha wiki nne za mwanzo

Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga niliwaweka vifaranga 60 wa kuku na 8 wa bata kwenye bruda moja, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga. Ilikuwa Julai, na upepo wa Dodoma mnaujua. Bata walicheza na maji mchana kutwa, maranda yakalowa, na usiku kuku wadogo wakalala juu ya ubichi. Asubuhi nilikusanya waliokufa 23. Hawakuwa na ugonjwa wowote, walilowa na kupigwa na baridi.

Tunaishi kwenye nchi kavu, kwa hiyo hatuufikirii unyevu. Lakini ndani ya bruda unyevu ndio adui wa kwanza, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni namna ya kuuzuia: kwenye matandiko, kwenye manyoya na kwenye chakula.

Hatua ya 1: Andaa bruda kabla vifaranga hawajafika

Tengeneza duara kwa maboksi magumu au mabati, kimo cha sentimita 45 hivi. Usiache kona. Vifaranga wakipata baridi hukimbilia kwenye kona na kulaliana, wa chini wakakosa hewa. Kwa vifaranga 100, duara la upana wa mita mbili linatosha wiki ya kwanza, kisha ulipanue kadiri wanavyokua.

Chini mwaga maranda makavu, unene wa vidole vinne. Maranda utayapata kwa mafundi seremala, ila chukua yale mapana. Vumbi la mbao vifaranga hulila likawajaa tumboni. Siku tatu za mwanzo tandika gunia safi juu ya maranda ili wasiyadonoe wakidhani ni chakula. Gazeti usitumie, linateleza na miguu yao hutanuka ikalemaa. Bata ndio huumia zaidi kwa hilo.

Washa joto saa tatu au nne kabla hawajafika, ili hata matandiko yawe na uvuguvugu.

Hatua ya 2: Joto

Wiki ya kwanza vifaranga wa kuku wanahitaji nyuzi 32 hadi 35. Kila wiki punguza nyuzi 3 hivi. Bata huvumilia kupunguziwa mapema zaidi. Juni na Julai usiku wetu hushuka hadi karibu nyuzi 14, kwa hiyo usidanganywe na jua la saa nane mchana.

Kipimajoto ni kizuri, ila mimi nawaamini vifaranga wenyewe kuliko kipimajoto. Wakijikusanya karibu na moto na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakikimbilia pembeni wakihema midomo wazi, umewazidishia. Wakilundikana upande mmoja, kuna upepo unaingia upande wa pili, utafute uzibe. Wakitawanyika, wengine wakila na wengine wamejinyoosha kama waliokufa, wako sawa. Ingia saa nane usiku, simama kimya usikilize. Kifaranga mwenye raha hutoa sauti ndogo ya chini chini.

Ukitumia balbu, kumbuka kwamba hizi za kubana matumizi hazitoi joto la maana. Ukitumia jiko la mkaa, uwashie nje mpaka moshi wote uishe, kisha funika kwa majivu na ulizungushie matofali. Banda lipate hewa kwa juu, chini liwe limezibwa. Na wewe usilale humo, wala usimlaze mtoto humo kulinda kuku. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua watu.

Hatua ya 3: Maji kwanza, chakula baadaye

Vifaranga wa siku moja waliosafirishwa usiku kwa basi hufika na kiu. Wape maji yenye uvuguvugu na glukosi kidogo, na mmoja mmoja umchovye mdomo ajue maji yako wapi. Baada ya saa mbili weka chakula. Kesho yake asubuhi papasa kifuko cha chakula chini ya shingo: kikiwa kimejaa na laini, amekula na kunywa. Kikiwa kigumu, hakunywa vya kutosha. Kikiwa kitupu, mtenge umhudumie.

Chombo cha maji kiinue juu ya tofali ili kisijae maranda. Palipolowa chota maranda yote utupe, usisubiri yakauke. Matandiko yenye ubichi na joto ndipo kuhara damu kunapostawi.

Hatua ya 4: Chakula, na hapa naomba unisikilize vizuri

Kwetu kuna mazoea ya kusema mahindi yaliyooza ni ya kuku. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi. Sumu hiyohiyo huharibu ini la kifaranga, na bata mdogo ni dhaifu kwake kuliko kuku kwa mbali sana. Kuanika hakuitoi, kupika hakuitoi. Mahindi, pumba au mashudu ya karanga yakinuka uvundo au yakiwa na ukungu, yasiingie bandani kabisa. Ununuapo pumba, ingiza mkono katikati ya gunia: ukihisi joto au ubichi, liache.

Wiki nne za mwanzo nunua chakula cha vifaranga kilichotengenezwa. Mashudu ya alizeti tunayo mengi na ni mazuri, ila yana makapi mengi kwa tumbo changa. Yaongeze watakapokua.

Bata wanahitaji niasini, mojawapo ya vitamini B, nyingi kuliko kuku. Wakiikosa, miguu hulegea, hupinda, mwisho wanatembelea magoti. Wawekee kwenye maji vitamini zenye kundi la B kutoka duka la dawa za mifugo, na uchanganye dagaa waliosagwa, wasio na chumvi nyingi.

Hatua ya 5: Bata wapewe chumba chao

Kina cha maji yao kitoshe kuzamisha mdomo na matundu ya pua, kisitoshe kuingia mwili mzima. Mimi huweka beseni, juu naweka wavu wenye tundu la kupitisha kichwa tu, na chini ya beseni changarawe badala ya maranda. Wengi wetu huatamisha kuku mayai ya bata, na ni siku 35 kwa bata wetu wa kawaida, si 21. Bata aliyelelewa na mama yake hupata mafuta ya manyoya kutoka kwake. Aliyelelewa na kuku au kwenye bruda hana, akiogelea analowa hadi ngozini na anaweza kuzama.

Sababu nyingine ya kuwatenga ni kwamba bata anaweza kubeba virusi vya kideri (ugonjwa wa Newcastle, unaoua kuku) bila kuumwa.

Hatua ya 6: Chanjo

Kideri siku ya 7, gumboro (ugonjwa wa virusi unaodhoofisha kinga ya vifaranga) siku ya 14, kideri tena siku ya 21, gumboro tena siku ya 28, ndui wiki ya 6 hadi 8. Baada ya hapo kideri kila miezi mitatu, na usiruke ile ya kabla ya kiangazi, maana ndipo ugonjwa unaposambaa. Chanja wazima tu. Beba chanjo kwenye chupa ya chai yenye barafu. Ile ya kunywesha usichanganye na maji ya bomba yenye klorini, itakufa. Wanyime maji saa moja au mbili kwanza, kisha wamalize chanjo yote ndani ya saa mbili.

Hatua ya 7: Kuwatoa nje

Wakifika wiki ya nne au ya tano, na manyoya yamefunika mgongo, watoe saa nne asubuhi jua likishapasha ardhi, warudi saa kumi. Funika uzio kwa wavu juu, mwewe wa huku hawakosi. Bata waanzie beseni la maji ya vuguvugu, dakika kumi, ukiwa umesimama hapohapo na kitambaa kikavu mkononi.